Re: Kijana hataki chuo, mdogo wangu ana cheti cha VETA, kazi gani inalipa bila digrii?

> Wapendwa habari zenu. Naomba ushauri. Kijana wangu kamaliza haiskuli mwezi wa sita, chuo hataki hata kusikia. Na mdogo wangu aliyeingia kwa bahati nasibu ya grini kadi nipo naye hapa, nyumbani alisomea umeme VETA, sasa anapakia maboksi ghalani usiku kucha na mgongo umeanza kulalamika. Hivi bila digrii kuna kazi ya maana huku au ndo tukubali yaishe? Mama wa watatu, Houston

Dada shikamoo. Hili lazima nilijibu kwa kirefu maana ndo kazi yangu, mimi ni fundi umeme hapa hapa Texas, sina digrii na nyumba naishi nalipia mwenyewe.

Nianze na huyo mdogo wako, maana mtu mwenye mikono ya VETA kubeba boksi usiku inaniuma kweli. Tusidanganyane, cheti chake hakimpi leseni huku. Ila mlango wa hii kazi sio chuo, ni uanagenzi, wenyewe wanasema aprentishipu. Unaajiriwa, unalipwa tangu siku ya kwanza, unashinda saiti na fundi aliyekomaa na masomo ya darasani yanaenda sambamba. Ile ya chama cha wafanyakazi IBEW wakishirikiana na wakandarasi wa NECA, kwa umeme wa majengo, inachukua kama miaka 5 na masaa 8,000 ya kazi. Unaanza na kama nusu ya mshahara wa fundi kamili, sehemu nyingine pungufu kidogo ya hapo, na kila ukivuka hatua unapandishwa. Siku unamaliza huna deni la mkopo wa masomo, wakati watoto wetu wengine wanatoka chuo na deni kabla hata hawajapata kazi.

Zipo pia programu zisizo za chama cha wafanyakazi, za IEC na za ABC ambavyo ni vyama vya wakandarasi, nazo ni halali, kwa kawaida miaka 4. Asichague kwa kusikia maneno ya watu, aombe zote, itakayoita kwanza aende.

Kwa Texas leseni inatoka idara ya jimbo inaitwa TDLR. Kabla ya kugusa waya wowote wa kazi ajisajili kwao kama mwanagenzi, ni mtandaoni na ada yake ndogo. Akifikisha masaa 8,000 chini ya masta, yaani fundi wa ngazi ya juu, na akafaulu mtihani anapata leseni ya jouniman, yaani fundi kamili, na huko mbele akiwa na 12,000 na jouniman yake imekaa miaka 2 anaweza kuomba ya masta, ambayo ndo inamfungulia njia ya kuwa na kampuni yake. Sasa sikilizeni hapa: hayo masaa lazima masta aliyekusimamia ayathibitishe kwa fomu. Mkandarasi mmoja niliyemfanyia kazi zamani alinizungusha miezi kunisainia eti kwa sababu nimehama, na simu akawa hapokei. Kwa hiyo karatasi za mshahara zote tunza, andika tarehe na saiti, na ukihama kampuni omba saini kabla hujarudisha helmeti yao.

Kijana wako sasa. Kuingia IBEW wanataka miaka 18, cheti cha haiskuli au GED, ule mtihani wa kupata cheti mbadala wa haiskuli, aljebra ya mwaka mzima uwe umefaulu, halafu kuna mtihani wa hesabu na wa kusoma na kuelewa, ukipita unaitwa kwenye mahojiano. Wanapanga majina kwa alama za mahojiano na unasubiri, unaweza kusubiri muda mrefu, wengi wetu tunakata tamaa hapo hapo. Asikae nyumbani akisubiri, aingie kwa mkandarasi kama msaidizi, ashike bisibisi na plaizi ajue majina ya vifaa, ikifika siku ya mahojiano ana cha kusema.

Hiyo aljebra wasiione pambo. Bomba la waya linapita ukutani, mbele kuna boriti imetokeza inchi 6, inabidi ulipinde lipande juu kisha linyooke tena. Ukipinda nyuzi 30 unazidisha hizo inchi 6 mara 2, kwa hiyo alama zako mbili za kupinda zinakaa mbali inchi 12. Ukipinda nyuzi 45 unazidisha kwa 1.4 alama zinasogeleana. Ukikosea, bomba zima la futi 10 linakwenda kwenye chuma chakavu na foremani anakuangalia. Na kabla ya waya wowote, unazima breka, unaweka kufuli yako mwenyewe na funguo inakaa mfukoni kwako sio kwa mtu mwingine, halafu testa unaijaribu kwanza mahali unapojua umeme upo, ndo unapima waya wako, kisha unarudi pale pa kwanza kuhakikisha testa haijafa katikati. Kijana asiye na subira ya kufanya hivyo kila siku, kila mara, hata saa ya kwenda nyumbani imekaribia, mwambieni ukweli atafute kazi nyingine maana hii inaua.

Hela. Takwimu za serikali za Mei 2024, mshahara wa kati wa fundi umeme kwa Marekani nzima ni dola 62,350 kwa mwaka. CNA, hii kazi ya kuhudumia wazee ambayo nusu ya jamii yetu tunaingia tukishuka tu kwenye ndege, ni kama dola 39,500. Sisemi CNA ni kazi mbaya, dada zetu wamesomesha vijiji vizima kwa hiyo kazi, nasema tu mtu ajue milango mingine ipo. Mafundi wa nguzo na laini kubwa za umeme ni dola 92,560. Mafundi lifti dola 106,580, nao wanaingia kwa uanagenzi wa miaka 4 kupitia chama chao cha IUEC, ila wanafungua maombi kwa vipindi kulingana na eneo, lazima uwe unachungulia. Na kama kijana wako ni raia, waongoza ndege ni dola 144,580, wanafundishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kule Oklahoma City na wanalipwa wakiwa mafunzoni, ila ni raia tu na lazima aombe kabla hajafika miaka 31.

Ugumu upo. Texas mwezi wa nane ndani ya dari ya nyumba ni joto la kuzimia. Saa kumi na mbili asubuhi uko saiti na gari lazima uwe nalo. Vipimo vya madawa vinakuja bila taarifa.

Na wazazi mniwie radhi ila nitasema. Kwenye sherehe zetu mtoto aliyeingia chuo anasimamishwa mbele anapigiwa vigelegele, yule anayesomea ufundi hakuna hata anayemuuliza anaendeleaje. Vijana wanaliona hilo. Wanakwenda chuo kwa ajili ya mama, wanaacha mwaka wa pili, deni linabaki. Mpigieni na huyu vigelegele.

---

Nimshukuru kaka hapo juu. Mimi ni Mkenya, naendesha lori, niko Dallas. Niongeze kidogo juu ya CDL, leseni ya kuendesha malori, kwa sababu watu wengi wanakimbilia huko. Inalipa, mshahara wa kati ni kama dola elfu 57 kwa mwaka, na shule ni ya wiki chache, lakini tangu Februari 2022 lazima hiyo shule iwe kwenye orodha ya serikali, kwa hivyo angalia jina kwanza kabla utoe pesa. Ukiwa chini ya miaka 21 huwezi kuvuka jimbo. Na tangu Juni 2025 ukisimamishwa barabarani ushindwe kujieleza kwa Kiingereza wanakuzuia kuendesha hapo hapo, mzigo ukiwa nyuma. Kitu nawaomba msaini pole pole ni zile kandarasi za kampuni inakukodisha lori yake eti utalimiliki baadaye. Malipo ya lori, dizeli, bima, ripea, yote inakatwa kwa cheki yako, kuna wiki unafanya kazi siku saba na unabaki na pesa ya chakula tu. Anza kama mwajiriwa wa kawaida, ujue barabara kwanza.

---

> Asanteni sana wadogo zangu, nimemsomea kijana yote, hiyo ya kufuli imemshtua. Swali moja, mdogo wangu Kiingereza chake cha kubahatisha na cheti chake ni cha fomu foo, si haiskuli ya huku. Watamkubali kweli?

Dada, cheti cha fomu foo kisikutie hofu. Kinapelekwa kwa kampuni ya tathmini ya vyeti, hakikisha ni mwanachama wa NACES, chama cha kampuni za tathmini, wanaandika ripoti kinalingana na nini huku. Kwanza aulize ile programu anayoomba inataka ripoti ya aina gani asije akalipa mara mbili. Ikionekana haitoshi anafanya GED, masomo manne, na madarasa ya watu wazima ya GED na ya Kiingereza mengi ni ya bure, kwenye vyuo vya jamii na maktaba za Houston yapo. Ahame zamu ya usiku kama wanamruhusu ili jioni awe darasani.

Kiingereza cha saiti kina maneno yake na yanashikika upesi, kinachombana ni ule mtihani wa kusoma, hapo afanye mazoezi kila siku. Cheti cha VETA asikitupe, akiweke mezani siku ya mahojiano na aeleze kazi alizofanya kwa mikono yake, nyumba gani, waya gani, nani alimsimamia. Programu zenyewe mzitafute kwenye apprenticeship.gov, andika umeme kwa Kiingereza na zip kodi yako. Mwambie Jumamosi hii nipo, aje na vyeti vyote tukae tujaze fomu ya TDLR pamoja.