Kusoma kwa sauti siyo kuelewa! Mnawaonea watu wazima wenye ulemavu wa akili

Wakuu, mods msiuhamishie uzi huu jukwaa la elimu. Unamhusu kila anayeandika fomu, barua au lebo ya dawa.

Hivi nani aliwadanganya kwamba mtu akisoma ukurasa mzima bila kukwama, basi kaelewa? Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa. Ukishazijua silabi unaghani hata waraka wa kodi, kichwani hola. Halafu mnamuuliza, "Umeelewa?" Anajibu "ndiyo", kwa sababu ndilo jibu linalomwepusha na kufokewa. Nanyi mnajaza ripoti kuwa amefaulu!

Tazameni lebo: "Vidonge 2 kila baada ya saa 8." Yeye anasubiri saa nane mchana ipite, anameza, basi. Kakosea wapi? (Wa mtaani huandika "masaa 8" akimaanisha muda, mjuzi wa sarufi anamsahihisha iwe "saa 8", muda unafanana na saa nane ya mchana, balaa linaanzia hapo.) Andikeni saa 12 asubuhi vidonge 2, saa 8 mchana vidonge 2, saa 4 usiku vidonge 2, kila dozi na mstari wake.

Au "wasipoziwasilisha". Neno moja lina mtendaji, ukanushi, sharti, kitu na kitendo. Akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Lipasueni: "Leta fomu. Usipoleta fomu, hulipwi." Sentensi moja jambo moja, herufi zisipungue ukubwa wa 14, neno lisikatwe mwisho wa mstari. Na ile "rejea kichwa cha habari hapo juu" tupeni kule.

Wakufunzi nanyi, mtu wa miaka 35 mnampa kitabu cha darasa la kwanza chenye picha ya mtoto na mpira! Lugha iwe nyepesi, mambo yawe ya kiutu uzima: nauli, mshahara, kadi ya kliniki. Chukueni sentensi 3 hadi 5 tu. Kwanza abashiri kinachokuja. Maneno mageni mawili myaeleze kwa kitu cha kushika. Akishasoma, anzeni na nani, wapi, nini. "Kwa nini" ingoje, maana mara nyingi jibu lake halijaandikwa, linataka kuunganisha mambo. Kila akijibu, aonyeshe kwa kidole sentensi iliyompa jibu, la sivyo hamtajua kama kasoma au kabahatisha kwa picha. Kisha asimulie kwa maneno yake.

Kabla ya kuchapa kipeperushi, mpeni mlengwa mwenyewe asome na afanye kilichoandikwa. Akikosea, rekebisheni karatasi.

Anayebisha aweke hapa lebo ya dawa iliyopo kwake, tuisome pamoja.