Mabua yabaki shambani au yaliwe na ng'ombe?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Wataalamu wa kilimo hifadhi husisitiza mambo matatu: kutotifua udongo bila sababu, kuufunika, na kubadilisha mazao. Kwa kipimo cha FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), walau asilimia 30 ya udongo inatakiwa iwe imefunikwa. Asiye na mifugo atayaacha mabua shambani na kulala usingizi. Mwenye ng'ombe je? Kiangazi kikikaza, mabua hayo ndiyo malisho yenyewe.

Mwaka 2009 mtafiti Ken Giller na wenzake walihoji waziwazi kama kilimo hifadhi kinawafaa wakulima wadogo wa Afrika. Ushindani wa mabua ulikuwa mmoja wa hoja zao, pamoja na mzigo wa palizi. Kisha mwaka 2015 mtafiti mwingine, Cameron Pittelkow, na wenzake wakakusanya matokeo ya tafiti 610 duniani: kwa jumla, kupanda bila kulima kulishusha mavuno kwa wastani wa asilimia 5.7. Palipoachwa mabaki na kubadilishwa mazao pengo lilipungua, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno yalipanda.

Watetezi hushikilia hiyo sentensi ya mwisho. Mimi ndiyo inayonikera, maana pale matandazo (mabaki yanayofunika udongo) yanapolipa zaidi ndipo malisho yalipo haba zaidi! Kipande cha majaribio mara nyingi kina uzio, hakuna ng'ombe anayeingia baada ya mavuno. Mahindi yanapimwa kwa hekta, lakini maziwa yaliyopungua na maksai waliokonda kabla ya msimu wa kulima hayaandikwi popote. Msimamo wangu: utafiti usiohesabu zizi na shamba pamoja haujakamilika, na usigeuzwe kuwa ushauri kwa mfugaji.

Wapo wanaosema, "Lisha tu, samadi itarudisha rutuba." Kiasi tu. Sehemu kubwa ya naitrojeni, kirutubisho cha mimea, hutoka kwenye mkojo, nao kwenye zizi la udongo mtupu hunywewa na ardhi palepale. Lundo lililoachwa juani hupoteza naitrojeni hewani kama amonia, mvua nayo huosha iliyobaki. Ukitandika majani makavu zizini yanyonye mkojo, ukaezeka au kufunika lundo, unaokoa nyingi. Ila hiyo ni kazi ya mikono, na mara nyingi ni ya wanawake na vijana wa nyumbani. Nayo ihesabiwe.

Mfano ninaouamini zaidi ni sukuma-vuta, uliobuniwa Kenya miaka ya 1990 na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza na washirika wengine. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi: hufukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mashina, hudhibiti kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi), huongeza naitrojeni. Nyasi za kandokando huwavuta nondo hao. Vyote viwili ni malisho, kwa hiyo ng'ombe anakula na mabua yanaweza kubaki. Shida ni upatikanaji wa mbegu za desmodiamu, na mifugo inayozurura baada ya mavuno huila.

Kwa hiyo nawauliza mnaotetea matandazo: ng'ombe ale nini kati ya mavuno na mvua? Na mnaosema alishwe yote: mtaurudishiaje udongo kile alichokula?