Uliyekuwa tarishi wa baba na mama ndani ya nyumba moja, tupeane uzoefu

Mtoto wa Makorora:
Wakuu, leo jioni binti yangu wa miaka 13 kaja sebuleni: "Baba, mama anasema bili ya maji imekuja." Mama mwenyewe yuko jikoni, namsikia akikuna nazi. Siku ya nne hii hatusemeshani. Nimeganda na rimoti mkononi, maana kazi hiyo naijua, nilishaifanya.

Tanga, 2003, niko kidato cha pili. Wazee wangu walinuniana karibu miaka miwili bila kuachana. Mama anatenga chakula, "Mwambie baba yako chakula tayari," na baba yupo hapo hapo anavua viatu. "Mwambie nimesikia." Nikajifunza kuchuja. Mama akisema, "Mwambie hana hata haya," mimi nafikisha, "Mama anaomba hela ya unga." Nyumba ikatulia kwa uongo wangu. Ila tumbo likawa linanisokota kila kengele ya kutoka shule ikikaribia kugongwa. Nikapimwa vidonda, nikapimwa minyoo, hola. Hakuna aliyenipiga wala kuninyima chakula, sasa ningemshitaki nani?

Mliopitia haya, mlipona?

Mkaidi hafaidi:
Unalia nini mkuu? Kwetu zilikuwa zinaruka sufuria. Bora kununiana.

Mtoto wa Makorora:
Sufuria ikishatua, imetua. Kununa hakutui.

Binti Likoni:
Mimi mamangu alikuwa Muscat, kazi za nyumbani. Akituma pesa, shangazi ananipa simu: "Mwambie mamako hazikutosha." Mama naye: "Mwambie shangazi yako mimi sichumi pesa mtini." Nilikuwa na miaka 14. Aliyekuwa akisikia pumzi za mtu aliyechoka upande wa pili ni mimi, si shangazi. Basi mambo yangu nikaacha kumwambia, nilimwona ana mzigo tayari. Nilipovunja ungo, aliyejua ni jirani. Mama alikuja kujua baada ya mwaka, na mpaka leo hilo linamuuma kuliko kazi yote aliyofanya kule.

Mwalimu wa zamu:
Nafundisha sekondari, na unasihi nimebebeshwa mimi. Mtoto wa namna hii simjui kwa fujo. Namjua kwa kuwa anausoma uso wangu kabla sijafungua mdomo. Mmoja alishuka kutoka wa tatu mpaka wa arobaini na kitu. Nikawaita wazazi, wakaja kila mmoja siku yake! Ubaoni nimewaandikia 116, simu ya msaada kwa mtoto, haikati salio. Wengi hudhani ni ya waliopigwa tu.

Binti Likoni:
Hata huku Kenya ni hiyo hiyo 116. Laiti ningeijua.

Mtoto wa Makorora:
Nimeinuka, nimeenda jikoni mwenyewe kuuliza bili ni shilingi ngapi. Kaniangalia, kaendelea kukuna nazi. Halafu: "23,000." Binti alikuwa mlangoni, karudi kwenye daftari lake.