Rais aliyeko madarakani: ni bei inayomwangusha, au tunajidanganya?

Mwisho wa Reli
Wakuu, habari za jioni. Tangu alasiri nabishana na jamaa yangu hapa Mwanga, Kigoma, nimeona niulete huku maana yeye haambiliki. Mimi nasema rais aliyeko madarakani akirudi kuomba kura, mpinzani wake wa kwanza ni bei. Hao wengine kwenye karatasi wanasindikiza tu.

Chukua Marekani, maana kule rais anaangushwa na maisha yanaendelea. Carter mwaka 1980, mfumuko wa bei uko juu ya asilimia 13. Reagan akawauliza watu kwenye mdahalo: hali yenu leo ni nzuri kuliko miaka minne iliyopita? Kwisha habari yake. Bush mkubwa katoka vita vya Ghuba 1991, karibu asilimia 90 wanamkubali, mwaka uliofuata kaangushwa na gavana wa Arkansas. Trump 2020, ajira zimeyeyuka, nje. Biden mfumuko ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, hata kwenye boksi hakufika, makamu wake Harris ndiye akabeba mzigo.

Jamaa yangu anasema ni sura na mdomo tu. Semeni.

Kipusa
"Maisha yanaendelea"? Mkuu, tarehe 6 Januari 2021 hukuwa na bando? Watu walivunja madirisha ya bunge lao.

Mwisho wa Reli
Kipusa, hiyo ndiyo uliyoiona kwenye hoja nzima?

Kipusa
Ndiyo niliyoiona. Na Biden hakutolewa na bei. Alitolewa na uzee na ule mdahalo wa Juni 2024. Usiipe bei ya nyanya kesi ya mzee kuishiwa pumzi.

Gwiji la Darasani
Mleta mada una nusu ya hoja. Mdororo wa uchumi wa Marekani uliomponza Bush uliisha Machi 1991. Yaani siku watu wanapiga kura Novemba 1992 uchumi ulikuwa unakua tayari, zaidi ya mwaka na nusu, ila ajira zilikuwa hazijarudi na watu hawakuuona huo ukuaji. Tena usimsahau Perot, mgombea binafsi, alichukua karibu asilimia 19.

Geuza upande wa pili. Reagan 1984, wasio na kazi bado ni zaidi ya asilimia 7, akashinda majimbo 49 kati ya 50. Kwa nini? Kwa sababu mwishoni mwa 1982 walikuwa asilimia 10.8, kwa hiyo watu waliona gari linapanda mlima. Obama 2012 karibu asilimia 8, kapita. Roosevelt 1936 bado mamilioni hawana kazi, kachukua majimbo 46 kati ya 48, maana walikotoka na Hoover, rais aliyemtangulia, walikuwa bado wanakukumbuka. Mpiga kura hapimi umefika wapi, anapima unaelekea wapi, na mara nyingi kumbukumbu yake ni ya mwaka mmoja wa mwisho tu. Ile miaka mitatu ya mwanzo rais anaweza hata kulala.

Kaka wa Isevya
Wangaluka wote, kutoka huku Tabora. Haya yote ni ya Wamarekani, wana muda. Ya kwetu ya ndani tusiyaguse, uzi utafungwa. Ila nimecheka kuona mada ya uchumi imeletwa na mtu wa Kigoma. Nyie lini mmepiga kura kwa uchumi? Nyie mnapiga kura kwa ubishi. Tangu enzi za mbunge wenu wa upinzani Kabourou, akaja Zitto, ni ubishi tu. Mngepewa rais anayegawa sukari bure mngeuliza kwa nini si asali.

Bi wa Kibirizi
Nilikuwa napita tu. Sasa nimekaa.

Uchumi tumeujulia wapi? Wewe kaka wa Isevya, lini umeamka saa kumi alfajiri kusubiri boti zishushe dagaa, hujui leo utanunua kwa bei gani mpaka zile taa zisogee ufukweni? Petroli ikipanda leo, mwenye boti haniiti kikao. Ananiongezea bei pale pale majini. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna dagaa, boti zimepaki, mkopo wa kikundi haujali mwezi wala nyota. Naanika kwenye kichanja, mvua inanyesha, nimepoteza. Mteja kutoka Congo anakuja na dola, mimi nahesabu kichwani kabla yeye hajafungua pochi. Halafu unaniambia sijui uchumi, kwa sababu kwenu mna miembe?

Kaka wa Isevya
Dada yangu, povu lote hilo kwa utani?

Bi wa Kibirizi
Utani ni kwa mtani. Mimi nawe tumetaniana lini?

Mtumbaku wa Kaliua
Naomba watu wa Tabora wasihukumiwe kwa maneno ya huyu wa mjini anayenunua kila kitu dukani. Sisi wa tumbaku dola tunaijua kuliko benki. Bei yetu tumezoea kuisikia kwa dola kwa kilo, mbolea tumekopeshwa mwanzo wa msimu, na siku ya soko mteuzi anashika jani, analinyoosha, ananusa, anaandika daraja. Hapo ndipo mwaka wako wote umeamuliwa. Umekata kuni, umelala kwenye bani la kukaushia unachochea moto, halafu daraja la chini. Makato yakishapita, kinachobaki unakitazama mara mbili uhakikishe ni chako. Mimi rais ananihusu siku ile tu. Siku nyingine sina habari naye.

Mwisho wa Reli
Mtumbaku, asante, ndiyo hoja yangu hiyo. Siku ya soko ndiyo siku ya kura.

Mtumbaku wa Kaliua
Hapana mkuu, sijasema hivyo. Nimesema anayenikera ni mteuzi na viongozi wa ushirika. Rais yuko mbali. Ukinipa karatasi nitamwacha rais, nitamshughulikia wa karibu.

Mzee wa Ujiji
Vijana, nimesoma yote. Mtumbaku kasema jambo ambalo wengi wenu hamkulishuhudia. Mwaka 1980 tumetoka vitani na Amin, dukani hamna sukari, hamna sabuni, foleni mpaka ya khanga. Mwalimu akarudi. Kura ilikuwa ya ndiyo au hapana, mgombea mmoja, ungemfanya nini? Lakini wabunge, ah! Kule walikuwa wanasimama wawili, mmoja jembe mmoja nyumba, na watu walimalizia hasira huko. Hata kabla ya hapo, mwaka 1965, Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii na akaangushwa jimboni kwake. Waziri wa Fedha! Rais kapita kwa kishindo.

Halafu mnakwenda Marekani kutafuta mifano na Zambia iko hapo ng'ambo. Enzi zetu ukipanda Liemba unafika Mpulungu, habari zote unazipata kwa makuli. Kaunda aliondolewa na unga. Bei ya unga ilipandishwa, watu wakaingia mitaani, mwaka huo huo akatoka.

Gwiji la Darasani
Shikamoo mzee. Kidogo hapo: fujo za unga zilikuwa Juni 1990, uchaguzi ulikuwa Oktoba 1991. Chiluba aliyemwangusha alipata karibu asilimia 76.

Mzee wa Ujiji
Marahaba. Wewe ulikuwa umezaliwa?

Gwiji la Darasani
Hapana mzee.

Mzee wa Ujiji
Basi.

Kipusa
Hahaha, Gwiji kakalishwa. Ila Zambia 2021 hamuwezi kuikwepa. Novemba 2020 nchi imeshindwa kulipa deni la nje, kwacha imeporomoka, mfumuko umepita asilimia 20, na Agosti 2021 Hichilema kamwacha Lungu kwa karibu kura milioni moja. Na Lungu alikuwa na barabara mpya kila kona. Wanaosema miradi inaleta kura waje hapa.

Kaka wa Isevya
Kipusa unatupiga kijembe cha reli mpya ya SGR kimya kimya. Tabora mpaka Kigoma kilomita 506, ikifika huko mwisho wa reli ndipo mtajua miradi inaleta kura au haileti. Kama hamtaikataa kwa ubishi.

Bi wa Kibirizi
Anarudi pale pale. Kaka, hii dhana yako ya ubishi nakuvunjia leo. Jimbo linalobadilisha mbunge maana yake watu wanapima. Kabourou tulimpa tukiwa na akili zetu, na alipohamia chama kingine tulikuwa na akili zetu pia. Kama kumpima mtu ni ubishi, basi ndiyo, sisi wabishi, na nyie ni nani?

Kaka wa Isevya
Sisi ni watulivu. Mwalimu mwenyewe alisoma Tabora, hakusoma Kigoma.

Mwisho wa Reli
Wakuu, mada...

Mtumbaku wa Kaliua
Mwalimu alisoma Tabora akaondoka. Na wewe ulisoma wapi?

Shangazi wa Mwandiga
Jamani nyie wote mnajibu kisichoulizwa. Mimi nina swali la kweli. Redio kila mwezi inasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona mawese hayajashuka?

Gwiji la Darasani
Shangazi, shikamoo. Mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni kwamba bei inaendelea kupanda, ila polepole zaidi. Ile iliyokwishapanda inabaki huko huko juu.

Shangazi wa Mwandiga
Marahaba mwanangu. Yaani wanashangilia kitu gani sasa?

Gwiji la Darasani
Hapo ndipo Biden na watu wake walipokwama, na hii Kipusa aisome vizuri. Mwaka 2024 mfumuko ulikuwa umerudi chini ya asilimia 3, ajira zipo, uchumi unakua, wakapita wanajisifu. Lakini ukijumlisha tangu 2021, bei kwa ujumla zilikuwa zimepanda kama asilimia 20. Mchumi anatazama mwendo wa mwaka huu. Mama aliyeko kwenye foleni ya mayai anakumbuka bei ya kabla ya balaa, na anamsubiri mtu wa kumlaumu. Mshahara ukipanda anasema ni jasho langu. Bei ikipanda anasema ni serikali.

Bi wa Kibirizi
Huyu kijana leo kanena. Mimi dumu la mawese la lita 20 nalinunua kila mara, na bei niliyoizoea kichwani ni ile ya zamani. Kila nikitoa hela naona nimeibiwa, hata kama mwezi uliopita bei ilikuwa hiyo hiyo. Na sado ya dagaa nikiiongezea mimi, mteja ananitazama kama mwizi. Hajui petroli. Hata akijua hajali.

Kipusa
Sawa, bei inauma. Uzee uliuma zaidi. Harris alipewa miezi mitatu na ushee, mlitaka afanye muujiza?

Fundi Baiskeli
Mnaongea kama vile kila anayekasirika anapiga kura na kura inahesabiwa. Mugabe wa Zimbabwe 2008: mfumuko ulikuwa hautajiki, noti zina masifuri mpaka unachoka kusoma, na raundi ya kwanza mpinzani wake Tsvangirai alimtangulia. Raundi ya pili watu wakapigwa, Tsvangirai akajitoa, mzee akaapishwa. Bei ilimwangusha Mugabe?

Na hapa jirani Burundi. Mimi niko njia ya Manyovu, naona watu wanavyovuka na madumu kutafuta petroli, si wiki moja wala mbili, ni miaka. Juni 2025 wakapiga kura ya wabunge. Chama tawala kikachukua viti vyote 100 vilivyogombewa. Vyote.

Mwisho wa Reli
Fundi, nilisema pale ambapo rais anaweza kuangushwa.

Fundi Baiskeli
Hukusema. Nimerudi juu nimesoma. Ulisema "rais aliyeko madarakani", ukatoa mfano Marekani.

Mwisho wa Reli
Ilikuwa inaeleweka.

Fundi Baiskeli
Kwa nani?

Mzee wa Ujiji
Muacheni kijana. Hapo pa Fundi ndipo penyewe, ila pana miiba. Mimi nakwenda kuswali.

Kaka wa Isevya
Mzee kakimbia kwa heshima.

Kipusa
Nawaletea ya moto kabla hamjalala. Malawi, Septemba 2025. Foleni za mafuta, sukari shida, dola hakuna, rais Chakwera kapata kama asilimia 33, Mutharika kapita na zaidi ya 56. Sawa, bei imeua. Lakini huyo Mutharika ndiye walimkataa 2020 wakampa huyo Chakwera. Sasa nikuulize mleta mada: wamechagua uchumi, au wamerudia ugonjwa wa kwanza kwa sababu wa pili umewachosha?

Mwisho wa Reli
Bado ni bei. Aliyekuwepo katoka.

Fundi Baiskeli
Swali la Mugabe hujalijibu.

Shangazi wa Mwandiga
Na la mawese limejibiwa nusu.

Kaka wa Isevya
Kipusa, hao Wamalawi wangekuwa watu wa Kigoma wangewakataa wote wawili wakadai wa tatu.

Bi wa Kibirizi
Ameanza tena huyu.