Naomba ushauri: Chevrolet Bel Air ya 1957, ninunue au niachane nayo?

Mpemba wa Ohio
Wakuu, salaam. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, naendesha lori. Kuna mzee jirani anauza Chevrolet Bel Air ya 1957, milango miwili, V8, anataka dola 26,000. Nimeenda kuitazama mara tatu na kila nikirudi silali. Yale mapezi ya nyuma! Nikamuuliza mafuta yanatiwa wapi, maana kifuniko sikioni. Akavuta ukanda wa nikeli ulio nyuma ya pezi la kushoto, ukafunguka kama mlango wa kabati. Mdomo wa tangi umejificha humo. Niliishiwa maneno. Mke wangu anasema nimerogwa. Gari za zamani sizijui kabisa, nikague nini?

Fundi Chuma
Mkuu, shemeji hajakosea. Anza na kibati cha namba kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upande wa bawaba. Bel Air ya V8 inaanza na VC57. Ukikuta C57 bila V, ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita. Ukikuta VB57, hiyo ni 210, ndugu yake wa bei ya chini, kavalishwa nguo za mwenzake. Na nguo zenyewe, lile bati la alumini la ubavuni na grili ya rangi ya dhahabu, zinauzwa mpya mpaka leo.

Halafu chukua sumaku. Huko kwenu wanamwaga chumvi barabarani kila baridi kuyeyusha barafu, nayo inaozesha bati. Izungushie kitambaa usije ukakwaruza rangi, ipitishe juu ya taa za mbele, chini ya milango, sakafu ya buti. Isiponasa, hapo ni pati (plasta ya kuziba palipooza), si bati.

Injini isikutishe. Kama ni ile ya inchi za ujazo 283, karibu lita 4.6, vipuri vimejaa. Gia boksi ndiyo uulizie: Powerglide ina gia mbili tu na ni ngumu kufa. Turboglide iliyoanza mwaka huohuo wa 1957, kaa nayo mbali.

Dereva Mstaafu
26,000? Hiyo si Toyota kadhaa unashusha Tanga unafanya biashara?

Fundi Chuma
Wewe kila uzi Toyota.

Bi Mkubwa wa Houston
Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa nayo, ngoja nikwambie ya kuendesha. Breki ni dramu magurudumu yote manne, na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki hata ya tairi moja. Funga ya vyumba viwili kabla hujampakia mtoto wa watu. Wipa nazo, kama si zile za umeme, zinaendeshwa na vakyumu ya injini, yaani mvuto wake wa hewa: unapanda mlima mvua inanyesha, ukikanyaga mafuta zinalala palepale. Nimeshawahi kumsomea njia nimetoa kichwa dirishani kama konda wa daladala.

Mpemba wa Ohio
Shikamoo Bi Mkubwa. Mrejesho, wakuu: kibati kinasema VB57. Mzee alivaa miwani, akainama, akasoma herufi mojamoja, akanyamaza. Anasema aliinunua hivyohivyo miaka ya themanini, naye siku zote anajua ana Bel Air. Nilimwonea huruma. Kashuka mwenyewe hadi 19,000. Sumaku ilinasa kila mahali isipokuwa juu ya taa ya kulia, gia boksi ni Powerglide.

Fundi Chuma
Taa moja tu, kwa Ohio? Hiyo ililala ndani. Lipa, ila hati ya umiliki isomeke namba ileile ya kibati.

Bi Mkubwa wa Houston
Marahaba. Wipa ulizijaribu?

Mpemba wa Ohio
Jua lilikuwa kali, nikasahau.