Tupeane uzoefu: laptop inagoma waifai wakati simu zote zinaperuzi, ulilitatuaje?

Kipanga (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi kompyuta. Kesi ninayoletewa kuliko zote ni hii: nyumba nzima inaperuzi kwa simu, laptop peke yake imegoma. Kinachoniuma ni kwamba wengi wakifika kwangu tayari wameshapigiwa Windows upya, mafaili yamepotea, na tatizo liko palepale. Naomba tuwekeane hapa visa vya kweli: dalili ilikuwaje, chanzo kilikuwa nini, mlitokaje. Atakayekwama kesho akute pa kuanzia.

Nianze na utaratibu wangu. Sigusi kitu kabla ya kujua mawasiliano yamekatikia wapi. Nafungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, naandika `ipconfig`. Namba ya IPv4 ikianza na 169.254, ujue laptop haijapewa anwani na ruta, imejipachika yenyewe. Hapo kuhangaika na kivinjari ni kupoteza muda. Ikiwa ni namba ya kueleweka, tuseme 192.168.1.23, naipigia `ping`, yaani naijaribu kama inajibu, ile Default Gateway (anwani ya ruta) iliyoandikwa chini yake. Ikijibu, njia ya kutoka laptop hadi kwenye ruta ni nzima. Kisha `ping 8.8.8.8`, ambayo ni seva ya DNS ya Google huko nje. Ikijibu na hiyo, intaneti ipo. Kinachogoma ni DNS, yaani kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, au kuna programu ndani ya kompyuta inayozuia. Ni kazi ya dakika chache, na inakuonyesha upande wa kwenda.

Mfano wa 169.254: niliitwa kwenye nyumba ambako laptop inapata mtandao asubuhi, jioni inakosa. Ruta ilikuwa imepangiwa kugawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.120 tu, na jioni wote wamerudi na simu zao, televisheni imewashwa, kamera zipo hewani. Atakayechelewa anakuta anwani zimekwisha. Nilisogeza mwisho wa mgao hadi 200, shida ikaisha bila kuigusa laptop hata kidogo.

Karibuni.

---

Tausi

Asante mkuu kwa mada. Changu kilinisumbua kwa muda mrefu kwa sababu kilikuwa kinakuja na kuondoka.

Nafanya kazi ya kuhariri video. Kuna siku mtandao unakwenda vizuri, kuna siku unakuwa mzito hadi ukurasa wa maandishi matupu haufunguki, na alama ya waifai inaonyesha mistari yote. Nikampigia mtoa huduma, akapima laini yake, ikaonekana safi. Simu yangu ikiwa juu ya meza hiyohiyo inapata kasi ya kawaida.

Aliyenifungua macho ni kaka yangu. Aliniuliza swali moja: "Mtandao ukiwa mbovu, ni kitu gani kimechomekwa?" Nikaangalia. Ilikuwa diski ya nje ya USB 3.0 ninayohifadhia video, imechomekwa ubavuni na imelala karibu kabisa na laptop. Tukaichomoa, kasi ikarudi saa ileile. Tukaichomeka, ikaanguka. Tulirudia mpaka shaka ikaisha.

Baadaye nikasoma kwamba jambo hili linajulikana. Intel walichapisha maelezo yake mwaka 2012: USB 3.0 inapopitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz, na waifai nyingi ziko hapohapo. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona huku mwingine anatwanga kinu kando ya sikio lako. Mistari ya waifai haipungui kwa sababu ruta bado inasikika. Tatizo ni kwamba maneno yanafika yamevurugika na inabidi yarudiwe tena na tena.

Nilifanya mambo mawili. Nilinunua kebo ndefu yenye kinga nzuri ili diski ikae mbali na laptop, na nikahamia mtandao wa 5 GHz wa ruta ileile. La pili ndilo lililomaliza kabisa. Kama unatumia kipanya au kibodi isiyo na waya na inakwamakwama ukichomeka diski ya nje, chanzo huenda ni hichohicho, kwani vifaa vingi vya aina hiyo navyo hutumia 2.4 GHz.

---

Bwana Nyaya

Kisa cha Tausi nakiunga mkono, nimekiona kwa macho.

Mimi nizungumzie laptop inayopata waifai ukiwa umekaa karibu na ruta tu. Ukihamia chumba cha pili, imekata. Swali langu la kwanza kwa mwenye mashine huwa: "Ilishawahi kubadilishwa kioo, kibodi, au kusafishwa feni?" Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Antena za laptop nyingi zimefichwa kwenye fremu ya kioo. Kutoka huko zinashuka nyaya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe, zinapita kwenye bawaba na kuishia kwenye kadi ya waifai. Kila mmoja una kichwa kidogo cha duara kinachobanwa juu ya kadi mpaka kilie "tap". Fundi akiwa na haraka, kimoja kinabaki kimeegeshwa tu. Mashine itawaka, mtandao utauona, lakini nguvu haipo.

Kuna mama mmoja aliniletea yake akiwa ameshakata tamaa. Nilipofungua mfuniko wa chini nikakuta mweusi umechomoka na umebanwa chini ya skrubu ya feni, ganda limechubuka mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Kuubana tu kusingesaidia, ilibidi nibadilishe waya mzima hadi juu kwenye kioo. Ni kazi ya kuvumilia, lakini mashine ilirudi kushika mtandao hadi barazani.

Mnaotaka kufungua wenyewe: zima kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri kwanza. Na vichwa vile vinyanyue wima. Ukivuta waya kwa pembeni unang'oa kituo chake kwenye kadi, na hapo utanunua kadi mpya.

---

Kobe Mtulivu

Changu kifupi. Kadi ya waifai ilipotea kabisa, hata kwenye Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, haipo, baada ya umeme kurukaruka. Nilizima, nikachomoa chaja, nikatenganisha betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi, nikarudisha. Kadi ikaonekana. Jaribuni hili kabla ya kununua kadi.

---

Mwalimu wa Zamu

Shuleni kwetu kulikuwa na laptop ya ofisi ambayo kila mtu aliamini waifai yake imekufa. Imeunganishwa, `ping` zote zinajibu kama alivyoeleza Kipanga, lakini ukifungua tovuti yoyote unapata onyo jekundu kwamba muunganisho si salama. Baadhi ya walimu wakaanza kusema tumeingiliwa na wezi wa mtandao.

Nikasoma onyo lenyewe badala ya kulifunga. Chini kwa maandishi madogo: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Neno la muhimu hapo ni DATE. Nikatazama pembeni ya skrini, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa.

Tovuti zenye https hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni miaka ile ya nyuma, kila cheti kitaonekana hakijaanza kutumika, na kivinjari kitakataa kwa haki kabisa. Kusahihisha saa kulitatua kwa siku hiyo, ila kesho yake ikarudi nyuma tena, kwa sababu betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imechoka. Ilipobadilishwa, saa ikakaa.

Ninachokisisitiza kwa wenzangu kila siku: maneno ya onyo yaandikwe au yapigwe picha kama yalivyo. "Mtandao haufanyi kazi" haimsaidii fundi. Ule msimbo mrefu ndio unaomsaidia.

---

Nyota ya Jaha

Hiki changu kilikuwa cha ajabu kidogo. Tulibadilisha ruta, tukaweka mpya ya Wi-Fi 6. Simu zote zikauona mtandao. Laptop yangu inaona mitandao ya majirani wote, wetu uliopo chumba hichohicho hauoni! Haikuwa suala la nywila wala umbali, jina lenyewe halikuwepo kwenye orodha.

Mdogo wangu anayesomea mambo haya akaniambia kadi za kizazi cha nyuma yake, 802.11ac, zenye draiva (programu inayoiendesha kadi) ya zamani, wakati mwingine haziyaelewi matangazo ya ruta ya 802.11ax, ndiyo hiyo Wi-Fi 6, kwa hiyo zinauruka mtandao huo kana kwamba haupo. Dawa ni draiva mpya. Sasa utaipakuaje na mtandao huna? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nalitumia mpaka leo: nilichomeka simu kwa kebo ya USB, nikawasha kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, laptop ikapata intaneti bila kuhitaji waifai hata kidogo. Nikapakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop, nikaisakinisha, nikawasha upya. Jina la mtandao wetu likatokea juu kabisa ya orodha.

Kama draiva mpya haipo kwa kadi yako, ingia kwenye ruta uzime hali ya ax kwa upande wa 2.4 GHz tu, vifaa vya zamani vipite huko.

Na tafadhali, zile programu zinazojinadi kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, ziepukeni. Nimeona zikileta matangazo na draiva zisizo zake.

---

Kipanga

Dada Nyota, hapo kwenye kebo ya USB umewasaidia wengi. Nyongeza: kama hujui kadi yako ni ipi, fungua Device Manager, bofya kadi kulia, ingia Properties, Details, kisha chagua Hardware Ids. Namba zilizo baada ya VEN na DEV ndizo za kutafutia.

---

Mpenda Pengwini

Wenye mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, kwenye mashine moja, hii ni yenu. Ukiwa Windows waifai inafanya kazi. Ukizima na kuingia Linux, kadi haiamki.

Windows ya siku hizi ukibofya Shut down haizimiki kabisa kama ile Fast Startup imewashwa. Sehemu yake inalala na kuhifadhiwa kwenye diski, na kadi inaweza kubaki katika hali ambayo Linux haiwezi kuichukua. Zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, au shikilia Shift unapobofya Shut down. Ukishafika Linux, andika `rfkill list`. Ikisema Soft blocked: yes, `rfkill unblock wifi` inatosha. Ikisema Hard blocked: yes, tafuta swichi ubavuni au kitufe cha kibodi, kwa amri tu haitafunguka.

---

Binti Msomi

Nasafiri sana kikazi. Nyumbani laptop haina neno, lakini kwenye hoteli na viwanja vya ndege inaunganishwa halafu ule ukurasa wa kuingiza namba ya chumba hautokei. Watu wa mapokezi walikuwa wanasema laptop ni mbovu.

Chanzo kilikuwa DNS. Kazini walishaiwekea 8.8.8.8 kwa mkono. Mitandao mingi ya wageni inakutaka uulize majina kwa DNS yake yenyewe, ndipo ikuelekeze kwenye ukurasa wa kuingia. Ukiuliza kwingine inakuzuia na unabaki unazunguka. Niliirudisha kwenye kupokea yenyewe, ukurasa ukaja. VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya siri) inayojiwasha nayo huleta shida hiyohiyo, izime kwanza, ingia, ndipo uiwashe.

---

Mgeni Njia

Wakuu nimesoma zote, yangu haijafanana na hata moja. Inakata, inarudi baada ya muda mfupi, inakata tena. Ruta haizimi, simu hazikati. Nianzie wapi?

---

Kipanga

Mkuu, fungua cmd kama msimamizi, andika `netsh wlan show wlanreport`. Itakutengenezea ripoti ya siku 3 zilizopita na kukuonyesha ilipohifadhiwa. Ifungue kwa kivinjari. Juu kuna mchoro wa vipindi. Kila ilipokata pana alama nyekundu, na chini yake sababu. Linganisha saa za kukata na ulichokuwa unafanya.

---

Mgeni Njia

Nimerudi. Alama nyekundu zote ziko kwenye vipindi ambavyo nilikuwa natumia betri. Nikiwa kwenye chaja hakuna hata moja.

---

Kipanga

Basi ni kubana umeme. Device Manager, kadi ya waifai, Properties, Power Management, ondoa tiki ya kuiruhusu kompyuta kuizima kadi. Kama sehemu hiyo haipo, na kwenye mashine nyingi mpya haipo, ingia Advanced utafute mipangilio ya kubana umeme ya kadi yenyewe, uiweke kwenye utendaji wa juu. Kisha chomoa chaja, fanya kazi siku nzima, utoe ripoti nyingine.

---

Mgeni Njia

Power Management haikuwepo kweli, nimeikuta kwenye Advanced. Ripoti ya leo, nikitumia betri peke yake kuanzia asubuhi: kijani mwanzo hadi mwisho. Betri inaisha mapema kidogo kuliko zamani, lakini hiyo naikubali.