Naomba ushauri: tukigawa katuni bure Nanenane, watu watarudi kununua toleo la pili?

Dada wa Kabwe (Mbeya)

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie mawazo, maana suala lina hela ndani yake na hela yenyewe si nyingi.

Nina steshenari maeneo ya Kabwe: madaftari, kalamu, kutoa kopi, vitabu vya shule vichache. Mdogo wangu na wenzake wawili wanachora, na wanachora kweli kweli. Wamemaliza toleo la kwanza la kitabu cha katuni. Binti wa Tukuyu anasafirisha ndizi za bibi yake kwa treni ya TAZARA, mzigo unapotea njiani, anausaka behewa kwa behewa mpaka Makambako. Kurasa 24, ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi. Siku waliyoniletea nilichelewa kufunga duka kwa sababu ya kusoma. Toleo la pili wameshafika nusu.

Nimetenga hela ya kuchapa nakala 500. Mdogo wangu anataka 300 tuzigawe bure siku za Nanenane pale uwanja wa John Mwakangale, watu wasome, wanogewe, kisha toleo la pili wanunue kwa buku mbili. Mume wangu anasema mtu uliyempa bure jana, leo humwambii alipe. Mimi nawaelewa wote wawili na ndiyo maana nimekwama.

Swali langu: msomaji aliyepewa bure hurudi na hela yake? Mwenye uzoefu wa magazeti, vitabu, shule, chochote, karibu. Natanguliza shukrani.

Chuma cha Iyunga

Usigawe. Anza na bei ndogo, hata jero. Mtu akitoa jero yake atasoma mpaka mwisho. Cha bure atafungia maandazi.

Msomakatuni

Dada, swali lako wenzetu wamelijaribu kwa zaidi ya miaka 20, na ukiangalia walivyofanya utaona kitu cha kukusaidia.

Marekani kuna Free Comic Book Day, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Aliyeleta wazo ni Joe Field, mwenye duka la katuni linaloitwa Flying Colors huko Concord, California. Aliona umati uliojazana kwenye duka la aiskrimu la Baskin-Robbins, jirani na duka lake, siku waliyogawa bure. Akajiuliza kwa nini wauza katuni wasifanye hivyo. Mwaka 2001 akaliandikia pendekezo jarida la wafanyabiashara wa katuni, na siku ya kwanza ikafanyika tarehe 4 Mei 2002. Tarehe hiyo haikuokotwa tu. Filamu ya Spider-Man ilikuwa imeingia kwenye majumba ya sinema siku moja kabla, kwa hiyo watu walikuwa tayari na hamu. Mwaka 2010 Ujerumani, Austria na Uswisi wakaanzisha ya kwao.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Kile kitabu ni cha bure kwa msomaji tu. Mwenye duka anazinunua nakala hizo kwa wachapishaji, kwa bei ya chini sana, lakini anazinunua. Anayetoa hela ni mtu mwenye rafu. Na hazigawiwi uwanjani wala stendi, mtu lazima aingie dukani. Akishaingia, cha bure kiko hapa na vya kuuza viko pale, hatua mbili tu.

Hata hivyo wenye maduka wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema foleni ni ya siku moja, watu wanajaza mifuko na huwaoni tena mpaka mwaka unaofuata. Wapo wanaosema wateja wao wa kudumu walianzia siku hiyo. Malalamiko ambayo nimeyasoma mara nyingi ni kuhusu kitabu chenyewe: baadhi ya wachapishaji hutoa kipande cha hadithi iliyokwishaanza zamani, pamoja na matangazo, msomaji mgeni anafungua hajui nani ni nani. Huyo hata ukimpa kumi harudi.

Kwa hiyo mimi ningegawa dukani kwako Kabwe, si Nanenane. Halafu ningehakikisha toleo la pili liko tayari siku ya kugawa la kwanza. Hamu ya hadithi haikai miezi mitatu.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kamwene, dada. Nafundisha sekondari, na jambo hili nimeliona kwa upande wa wasomaji.

Shuleni kwetu katuni za bure si kitu kigeni. Jarida la Fema, la shirika la Femina Hip, wanafunzi wengi wa sekondari nchi hii wamelipata bure kupitia klabu zao. Wakenya nao wakaanza na Shujaaz mwaka 2010, katuni iliyokuwa ikiwekwa ndani ya gazeti na kupatikana bure kwa mawakala wa M-Pesa, baadaye ikaja na ya Tanzania. Kama swali ni watoto wanasoma au hawasomi, wanasoma. Nina nakala moja darasani, jalada limeshatoka, pini zimeachia, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa viroba, na bado inazunguka dawati kwa dawati. Mkuu wa Iyunga, hiyo haijafungia maandazi.

Lakini angalia hesabu zake. Majarida yale hayakuwa yakimwinda mnunuzi. Yalilipiwa na wafadhili na washirika, lengo likiwa ujumbe uwafikie vijana. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wangu akiona kitabu chenye michoro kinagawiwa bure, moja kwa moja anajua ni cha mradi. Anatafuta somo liko wapi: ukimwi, mimba za utotoni, usafi wa vyoo. Masomo hayo yanahitajika na nayaheshimu. Ila hakuna mtoto anayemwomba mama yake buku mbili akanunue kitu cha mradi. Kwenye akili yake hakiuzwi, kinaletwa.

Hili ndilo litakalokukuta ukisimama Nanenane, kati ya mabanda ya mbegu na ya taasisi, unagawa vitabu. Utachukuliwa kama banda jingine la elimu. Kwa hiyo chapa bei juu ya jalada, kubwa, "Sh 2,000". Nakala za kugawa zigonge muhuri "Zawadi". Mtu ajue amepewa kitu chenye thamani na kwamba kuna mahali kinauzwa. Ndani ya jalada andika mahali penyewe na mwezi ambao toleo la pili linatoka. Wanafunzi wangu hawajawahi kukosa hamu ya kusoma, wanakosa pa kwenda. Nenda soko kuu la Iringa uulize katuni ya Kiswahili ya kununua, utazungushwa mpaka uchoke.

Mzee wa Magazeti

Nauza magazeti stendi, Mbeya hii hii. Nitaongea ninachokiona mezani.

Asubuhi watu wanasimama kwenye meza yangu wanasoma vichwa vya habari. Wanasoma bure kila siku, sijawahi kuwafukuza, na sitawafukuza. Kati yao anayenunua ni yule ambaye kichwa kimemkamata na habari yenyewe iko ukurasa wa ndani. Mwenye safari ndefu ananunua zaidi. Basi la Dar linakaa njiani kutwa nzima, na simu zinaisha chaji. Dada, umefikiria abiria? Hadithi ya safari, mtu yuko safarini.

Halafu vijana hapa wanasema kama vile katuni ni kitu kipya. Sisi tumekua na jarida la katuni la Sani. Wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, mtaa mzima ulikuwa unawajua. Hazikuwa za bure. Mmoja ananunua, inasomwa nyumba nzima, inaazimwa kwa jirani, inarudi haina kona. Wengi tulisoma za kuazima kwanza, tulipopata hela zetu ndipo tukaanza kununua. Kwa hiyo nakala moja ikiwa mahali watu wanakaa, saluni au kinyozi, itafanya kazi kubwa kuliko nakala ishirini mikononi mwa wapita njia.

Dada wa Kabwe

Ndaga fijo wote. Mzee wa Magazeti, abiria sikuwa nimewawaza kabisa.

Mwalimu, hapo kwenye "ya mradi" umenigusa, maana juzi mteja aliona jalada mezani akaniuliza shirika gani limeleta. Nikienda shuleni moja kwa moja itakuwaje? Nipeleke ngapi?

Mwalimu wa Kihesa

Pita kwa mkuu wa shule kwanza, na umwachie nakala aisome yeye, asije akasikia kwa wazazi. Usigawe kwa kila mwanafunzi. Peleka tano kwa shule, zikae maktaba au kwa mlezi wa klabu. Zikigombaniwa ndiyo vizuri. Na mwombe mlezi akuambie zinarudi zikiwa katika hali gani. Kitabu kilichochakaa haraka ndicho kilichopendwa.

Fundi wa Press

Nachapa, nipo Soweto. Kuna njia ya katikati ambayo hamjaigusa.

Karatasi moja ya A3 ukiichapa pande zote mbili, ukaikunja na kuikata, unapata kurasa 8 za A5. Kitabu chako cha kurasa 24 kinakula karatasi tatu, ukiongeza jalada la rangi ambalo ndilo linalopandisha gharama. Kwa hiyo usigawe kitabu. Gawa kijitabu cha kurasa 8, nyeusi na nyeupe, bila jalada gumu, pini moja. Ukiongeza hela ya vijitabu, ambavyo ni rahisi kuliko kitabu, utafika watu wengi na vitabu vyako 500 vyote vinabaki vya kuuza. Kata hadithi pale mzigo unapopotea. Anayetaka kujua ndizi ziko wapi atakufuata Kabwe.

Msomakatuni

Naunga mkono kijitabu, kukata hapana. Huyo ndiye yule msomaji niliyemsema, anapewa kipande. Ukimkatia njiani mtu ambaye hajakuzoea anaona umemtega. Mwambie mdogo wako achore kisa kifupi kinachoisha ndani ya kurasa hizo nane, binti yule yule, treni ile ile. Msomaji ashibe kidogo, ampende binti.

Fundi wa Press

Mkuu, tamthilia zinakata kila siku na watu wanarudi kesho yake.

Msomakatuni

Tamthilia ya kesho anaiona sebuleni kwake. Hapa inabidi mtu wa Chunya apande gari.

Mama wawili (Njombe)

Mimi ni mzazi, niwaambie kwa nini sinunui. Mtoto wangu wa darasa la sita akitaka kitabu cha hadithi, swali langu la kwanza ni kama kimeandikwa vizuri na hakina matusi. Siwezi kujua nikiwa nimesimama dukani na foleni nyuma. Kikija nyumbani kupitia shule, nikakisoma jioni nikakipenda, kinachofuata nitanunua bila kuulizwa mara mbili. Kwa hiyo mimi nakala ya bure imewahi kuninunulisha, ila haikupewa mimi, alipewa mtoto.

Jingine ni majira. Mwezi wa kwanza usiniuzie kitu, kuna michango na sare. Mwezi wa nane mazao yameshatoka, hela ipo, hasa kwenu Mbeya ambako mpunga wa Kyela na Usangu unakuwa umeshauzwa. Mdogo wako hajakosea kuchagua Nanenane. Mwalimu anasema watu watadhani ni mradi, sawa, lakini ukiwa na meza ya kuuza, vitabu vimepangwa na bei inaonekana, hakuna atakayedhani hivyo. Baba akiwa na watoto watatu uwanjani tangu asubuhi, buku mbili ya kuwatuliza anaitoa haraka.

Chuma cha Iyunga

Mama wawili amenibadilisha. Meza ya kuuza, kijitabu cha bure pembeni. Hapo sina neno.

Dada wa Kabwe

Nimekaa na mdogo wangu na mume wangu tukasoma uzi wote pamoja.

Tumeamua vitabu vyote 500 viwe vya kuuza, bei juu ya jalada, isipokuwa vichache vyenye muhuri kwa ajili ya shule, vinyozi na saluni za hapa karibu. Mdogo wangu ameshaanza kisa cha kurasa nane. Msomakatuni, kinaisha, ila ukurasa wa mwisho binti anaona jina la bibi yake kwenye gunia ambalo si lake, kwa hiyo Fundi naye asilalamike. Nanenane tutakuwa na meza. Toleo la pili hatutangazi mwezi mpaka michoro yote iwe mkononi mwangu, hilo nimelishikilia na wamekubali kwa shingo upande.

Mzee wa Magazeti, ungekubali nikuachie nakala ishirini hapo stendi, ukiuza unachukua jero kwa kila moja?

Mzee wa Magazeti

Lete thelathini. Na uniletee moja ya muhuri niifunge kwa kamba pembeni ya meza, wanaosimama wasome. Jero sawa.

Fundi wa Press

Dada, kabla hujaleta faili, mwambie dogo aache sentimita moja kila upande bila maandishi. Kisu cha kukatia hakijui maneno ya nani yako pembeni.